Hamu Haivimbishi Miguu

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie, na kabla ya yote shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu za mtu mzima anayeshika kalamu kwa mara ya kwanza tangu aache shule, maana mimi kazi yangu ni viatu, nashona, nabandika soli, napanua vinavyobana, na mambo ya kuandika nilimwachia mke wangu, ndiye aliyekuwa akiandika majina ya wateja kwenye vikaratasi na kuvitia ndani ya viatu ili visichanganyike, na sasa hayupo, ndiyo maana unaona mwandiko huu.

Mke wangu aliondoka miezi minane iliyopita. Hakuondoka kwa talaka wala hakubeba vyombo, alikwenda kwa binti yetu wa pili aliyekuwa amejifungua, mwendo wa siku nzima kwa basi, akasema anakaa mwezi mmoja, mwezi ukawa miwili, mtoto akaanza kukaa, mtoto akaota meno, na naambiwa sasa anasimama kwa kushikilia kiti, na bibi yake bado yuko huko huko. Mimi nimebaki na nyumba ya vyumba viwili, kibanda changu cha kazi pale mbele, na redio.

Mshauri, ninaumwa hamu. Najua mtu wa miaka hamsini na minane akisema hivyo watu wanacheka, na jirani yangu kinyozi, ambaye kibanda chake kimepakana na changu, alicheka mpaka akaweka mkasi chini, lakini huo ndio ukweli wenyewe. Chakula hakipiti, nikila vijiko vinne tumbo limejaa kama nimetoka kwenye harusi. Nikilala chali nahisi nimelaliwa kifuani, kwa hiyo nilichukua mto wake nikauweka juu ya wangu, nikaongeza na mto wa kochi, na siku hizi hata hiyo mitatu haitoshi, nalala nimeketi kwenye kochi nimeukumbatia mto wake, ambao harufu yake ilishakwisha zamani ila sijaufua. Nikipanda vile vingazi vinne vya mlango wa nyuma inabidi nisimame katikati kama mtu aliyesahau alichofuata. Kinyozi anasema ndivyo ilivyo, kwamba kijana akiachwa hulewa na mzee akiachwa huguna, na kweli ninapumua kwa kuguna.

Hata miguu imeingia kwenye msiba huu. Hili nakwambia wewe tu. Katika kazi yetu kila fundi anajua mguu huongezeka jioni, ndiyo maana mteja anayetaka kiatu cha kukaa naye miaka namwambia aje nimpime jioni, kwa hiyo miguu yangu ilipoanza kujaa jioni sikushtuka. Lakini ninayo kalibu yangu, ni mti niliouchonga kwa mfano wa mguu wangu mwenyewe mwaka niliooa, na kwa miaka thelathini na moja nimeshonea viatu vyangu vyote juu yake bila kuibadilisha. Tangu mke wangu aondoke nimeibandika ngozi kuiongeza unene mara tatu. Mara ya kwanza nilisema ngozi za siku hizi zinasinyaa, mara ya pili nikasema ni umri, mara ya tatu nilibandika tu. Nikibonyeza mguu kwa kidole gumba, vile ninavyobonyeza ngozi dukani kujua kama ni nzuri, panabaki shimo. Ngozi nzuri hurudi. Mimi sirudi. Nadhani ni kukaa kwenye kigoda kutwa nzima bila mtu wa kuniita ndani ninyooshe miguu, basi nameza vile vidonge vya maumivu vya dukani, viwili asubuhi na viwili jioni, na kazi inaendelea.

Sasa niseme na hili, maana nimeapa kusema kweli. Hatukuagana vizuri. Miaka miwili iliyopita nilimsindikiza kliniki kupima macho, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa tu pale kwenye benchi wakanipima na mimi, wakasema nina presha, wakanipa vidonge vya kila siku. Nilivimeza wiki tatu, nikaona kichwa hakiumi, sina shida yoyote, nikaacha. Lakini sikutaka kumuudhi, kwa hiyo kila mwezi nilikuwa navichukua kama kawaida na kuvitia ndani ya jozi ya viatu vyeusi vya mteja mmoja aliyepotea tangu mwaka juzi. Siku mbili kabla ya safari ya mke wangu yule mteja akatokea. Na aliyevitoa viatu rafuni ni yeye mke wangu, akavinyanyua, vikalia chakarachakara. Hakunigombeza mbele ya mtu. Alizitoa pakiti moja moja akazipanga kwenye meza yangu ya kazi, akamfungia yule bwana viatu vyake kwenye gazeti, akamshukuru kwa uvumilivu. Jioni ile ndipo akaniambia, "Mimi bado si mjane, na sitaki kuanza mazoezi." Kisha akaendelea kukunja nguo.

Siogopi vidonge, mshauri, ninachoogopa ni kule vinakotoka. Baba yangu aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe, kiatu kimeng'arishwa, akatuambia atarudi kesho yake. Tulirudishiwa viatu.

Na isitoshe, moyo wangu ni mzima. Wenye ugonjwa wa moyo huumwa upande wa kushoto, wakashika kifua, wakaanguka. Mimi kifua hakijaniuma hata siku moja, kinabana tu.

Kinachoniumiza ni simu. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana ananipigia, na mimi nafunga kibanda mapema, natafuta mahali penye utulivu, na usinicheke, nachana nywele. Lakini yeye ana swali moja tu, "Umekwenda?" Namjibu kliniki nitakwenda wiki ijayo. Anasema haya, kisha simu anashikishwa mjukuu, nabaki nasikiliza mtoto akiilamba. Hata hali yangu haniulizi. Miaka thelathini na moja, mshauri, hata "hujambo" nimekosa?

Nimemkatia ngozi ya viatu vya wazi, vyenye mkanda kisiginoni, rangi ile ya udongo anayoipenda, nia yangu ilikuwa nimpelekee mwenyewe kwa basi. Lakini nikigonga nyundo mara kumi pumzi inakata, na vimekaa pale bila soli hii ni wiki ya tano. Kinyozi anasema nimwambie ninaumwa sana, atarudi mbio. Sitaki. Nataka arudi kwa kunitaka mimi, si kwa kunihurumia. Basi nifundishe maneno ya kumwambia mwanamke arudi nyumbani, kwa sababu najua akishaingia mlango huu yote yatakwisha, nitakula, nitalala kitandani kama watu, na miguu itarudi kwenye kalibu yake.

Ni mimi,
Fundi Viatu Mwenye Hamu

*

Fundi,

Marahaba. Nimekuzidi, kwa umri na kwa ukali pia. Barua yako niliisoma nikacheka, nikaisoma tena nikaacha kucheka, na ya tatu nikaenda kwa mhariri kumwomba namba yako nikupigie mchana ule ule. Hukuandika namba. Kwa hiyo nimewaruka watu kumi na wanne waliokutangulia kwenye foleni, na itabidi nikugombeze mbele ya umma. Uniwie radhi.

Hamu haivimbishi miguu. Hamu inanyima usingizi, nakubali. Inakata njaa, inamfanya mtu mzima achane nywele kwa ajili ya simu, jambo ambalo limenigusa kuliko utakavyojua. Lakini hamu haiachi shimo mguuni, wala haijali kama umelala chali au umeketi. Maji ndiyo yanayojali. Mtu anayeongeza mto wa pili, kisha wa tatu, kisha akahamia kwenye kochi, huyo mapafu yake yanaingia maji akilala.

Kabla ya kupewa kiti hiki cha kushauri watu nilikuwa muuguzi wa wodi ya moyo miaka ishirini na sita. Sijakuona, na miguu inaweza kuvimba kwa sababu ya figo au ini, kwa hiyo sikuapii. Ila presha isiyotibiwa miaka miwili, miguu hiyo, pumzi hiyo, na tumbo linalojaa kwa vijiko vinne, nikiviweka pamoja naona moyo ulioanza kushindwa kusukuma damu inavyotakiwa. Kushindwa si kusimama, usije ukaanguka hapo ulipo. Presha ikiwa juu, moyo unasukuma mlango mzito mchana na usiku. Msuli wake unanenepa kwa kazi, kisha unachoka. Damu inarundikana nyuma, maji yanavuja, yanashuka miguuni, yanajaa tumboni na mapafuni. Yote hayo hutokea taratibu, bila maumivu, wakati mwenyewe anatafuta sababu nyingine.

Na wewe ulizitafuta kwa bidii. Ulilaumu ngozi, ukalaumu umri, ukalaumu kigoda, ukamlaumu mwanamke aliyekwenda kulea mjukuu. Hebu niambie, mteja akija kwako mguu umeongezeka mara tatu ndani ya miezi minane, ungempanulia kiatu ukanyamaza? Nakujua kwa barua moja tu, na najua usingenyamaza. Ungemwambia baba, mguu huu una jambo.

Hilo la kusema moyo wako ni mzima kwa kuwa hauumi limewazika wengi. Watu husema "ugonjwa wa moyo" kana kwamba ni mmoja. Mteja akikwambia kiatu kimeharibika, hushiki nyundo hapo hapo, unauliza kwanza ni soli, ni uzi, ni kisigino? Wapo ambao mishipa inayoulisha moyo wenyewe imeziba, hao ndio wa kushika kifua, na hata hao wengine huumwa mkono, au taya, au wanatoka jasho tu na kujisikia vibaya bila maumivu yoyote. Wapo ambao vali za moyo, vile vilango vya ndani, ziliharibika tangu utotoni kwa ugonjwa wa koo uliopuuzwa. Wapo ambao mapigo yanarukaruka bila mpangilio, damu inaganda humo ndani, kipande kinapanda kichwani, wanaamka na kiharusi. Na wapo wa namna yako. Halafu ujue kwamba wagonjwa wangu wengi hawakuwahi kusema kifua kinauma. Walisema kinabana. Kinyozi anyoe, haya mengine awaachie wenyewe.

Pole kwa baba yako. Nimewakabidhi watu viatu namna hiyo, na mpaka nilipostaafu sikuwahi kuzoea. Lakini hukuandika alikaa nyumbani muda gani akiongeza mito kabla ya asubuhi ile. Waliotuponyoka wengi walikuwa wa kuchelewa. Mpiga chapa mmoja aliletwa kwetu hawezi kumaliza sentensi, wiki ya pili alikuwa anagombana nami kuhusu chumvi, na miaka kumi na miwili baadaye nilikutana naye sokoni amebeba kabichi mbili, akajifanya hanioni. Hospitali haikumuua baba yako, ila ndiyo ya mwisho kumwona, basi ikabeba lawama.

Sasa sikiliza. Unakwenda kliniki kesho asubuhi. Neno "wiki ijayo" nimekunyang'anya. Na kama unaposoma hapa pumzi inakata hata umekaa, au kifua kinauma, au unatoka jasho la baridi, au unaona kizunguzungu cha kuanguka, au unakohoa povu, basi usingoje kesho, weka gazeti chini uende hospitali sasa hivi. Kinyozi akusindikize. Afunge kibanda siku moja, ushauri wake umekuponza vya kutosha. Vaa kandambili, usijibane.

Vile vidonge vya maumivu acha leo, na umwambie daktari ulikuwa unavimeza mara ngapi. Vingi vya aina hiyo huzuia maji yasitoke mwilini na kuzichosha figo, yaani ulikuwa unajimwagia maji kwenye mafuriko. Pakiti za presha zilizobaki zibebe uwaonyeshe, lakini usizimeze zote kwa pamoja kama mwanafunzi anayefidia masomo. Watakupima presha, damu na mkojo, watakubandika vibandiko vyenye nyaya kifuani kusoma umeme wa moyo, na watakupaka mafuta ya baridi wapitishe kidude kinachoonyesha moyo ukipiga kwenye kioo. Haviumi. Omba wakugeuzie kioo uone, inafaa mtu aujue uso wa anayemfanyia kazi tangu tumboni kwa mama yake.

Pengine watakupa dawa ya kukojoza, na utanilaani kwa safari za chooni. Nilaani tu. Pengine watakulaza siku chache, na utaogopa, uogope ukiwa umelala pale pale. Ukirudi nyumbani, chumvi ipungue, dawa umeze kila siku hata ukijisikia kijana, kwa maana unajisikia hivyo kwa sababu unazimeza. Tafuta mizani, jipime kila asubuhi baada ya kwenda haja. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku mbili tatu, hujanenepa, ni maji, rudi kliniki. Kuhusu nyundo, uliza ni lini unaruhusiwa kuishika.

Nakuja kwa mkeo, maana ndilo uliloniuliza.

Unasema hakuulizi hali. Bwana wee, anaiuliza. "Umekwenda?" ndiyo hujambo yake. Amekuuliza kila Jumapili kwa miezi minane, zaidi ya mara thelathini, na kila mara umemjibu kwamba bado unakufa polepole lakini utaangalia wiki ijayo. Unashangaa anampa mtoto simu? Nadhani anampa mtoto kwa sababu sauti yake mwenyewe haitoshi kuendelea. Alikuonyesha pakiti mezani bila kukuaibisha mbele ya mteja, akakwambia neno moja la kweli, akaenda mahali ambapo kuna mtu anayekua badala ya kukaa na mtu anayejimaliza. Simtetei kwa kukaa miezi minane, na yeye akiniandikia nitamgombeza kivyake. Ila namwelewa.

Unataka arudi kwa kukutaka, si kwa kukuhurumia. Maneno mazuri, ya kijana wa miaka ishirini. Kwenye ndoa ya miaka thelathini na moja hivyo viwili hulala kitanda kimoja, na hakuna anayejua mguu huu ni wa nani. Kinyozi alikwambia umdanganye kwamba unaumwa sana. Bahati mbaya huo si uongo tena, na kumficha ni kumwibia mkeo kitu ambacho ni chake.

Lakini nisikilize kwa makini hapa. Kliniki usiende ili arudi. Nenda hata kama harudi. Na akirudi usidhani miguu itapona kwa kumwona, kwa sababu yeye si dawa, ni mke, na amechoka kugeuzwa dawa na mtu aliyekuwa anaficha dawa zenyewe.

Umeniomba maneno ya kumrudisha. Nimepekua barua yako mbele na nyuma nikitafuta mahali ulipomwambia kwamba unamtaka, sikupaona. Umemwambia kinyozi. Umeniambia mimi. Kuanzia leo wasomaji wote wa gazeti hili wanajua kwamba nyumba yako haikaliki bila yeye. Yeye peke yake ndiye hajaambiwa.

Basi kesho ukiwa umekaa pale kwenye benchi, hujaitwa bado, mpigie wewe. Mwambie uko wapi. Mwambie unaogopa. Halafu mwambie "njoo", na usiongeze kitu, unyamaze, umwache aseme.